Sindano Haina Cheo

Kazi ndogo za mkono kwa askari, jamaa zake, na kila anayeanza kushona

Asubuhi ya gwaride haina huruma. Viatu vimekwisha ng'arishwa, mkanda umekwisha kazwa, na mkaguzi yu njiani. Ndipo askari anapogundua kuwa kifungo cha mfuko wake wa kushoto hakipo. Hukimbia huku na huku akiuliza nani ana sindano. Wa kwanza hana. Wa pili anasema mke wake amekwenda kijijini na ufunguo wa sanduku. Wa tatu anacheka. Mwishowe mfuko hufungwa kwa pini, na pini hiyo ndiyo kitu cha kwanza anachokiona mkaguzi.

Tumeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu kila msomaji wetu aliye jeshini au polisi anakijua. Mtu aliyefundishwa kufungua bunduki na kuifunga gizani hushindwa na kifungo chenye matundu manne. Wala si kwa kukosa akili wala mikono, bali kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ni yake pia. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mtu asiyejua kushona kabisa anavyoweza kuanza, kwa sindano, uzi, mkasi na vitambaa ambavyo wengine wamekwisha vitupa. Tutaeleza vilevile kwa nini jambo hili, ambalo kwa askari laweza kuonekana dogo, ni jambo la riziki kwa majirani zetu walioko Nakivale.

TUONAYO NAKIVALE

Atokaye Mbarara hushika barabara ya Kikagati kuelekea kusini, hupita katika migomba na malisho ya Isingiro, kisha huiacha barabara hiyo na kushuka katika nchi kavu yenye vilima na miiba, hata alione ziwa Nakivale. Makazi ya wakimbizi ya mahali hapo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu mwaka 1960 yametambuliwa rasmi. Hivyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa katika Afrika. Wa kwanza kupokewa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na leo idadi yao imepita laki moja kwa mbali sana.

Katika vijiji vya Wakongo, lugha isikikayo sokoni ni Kiswahili. Askari wa Uganda ambaye amejifunza lugha hii kambini huweza kununua, kuuliza na kutania bila mkalimani. Na jambo moja ambalo hatakosa kuliona ni vitenge. Vimetundikwa milangoni, vimekunjwa juu ya meza, vimevaliwa na wateja na wenye maduka. Penye vitenge pana mafundi, na penye mafundi pana vipande vidogo vidogo chini ya cherehani. Vipande hivyo ndivyo vilivyotuvuta kuandika.

Tulimwona mama mmoja, mwenyeji wa Kivu, ameketi kizingitini pa nyumba yake pamoja na binti zake wawili. Hakuwa na cherehani. Mbele yake palikuwa na gunia la makombo ya vitenge aliyopewa na fundi jirani, naye alikuwa akiyaunganisha kwa mkono, kipande kwa kipande, awe na kitambaa kimoja cha kushonea mikoba. Tulimwuliza kwa nini asingoje hata apate cherehani.

"Cherehani itakuja, baba," alitujibu. "Lakini mtoto hawezi kungoja cherehani ili ale."

Maneno hayo si ya mzaha. Kuanzia Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya shida zao, kwa sababu fedha za msaada zilikuwa zimepungua. Waliohesabiwa kuwa wanaweza kujikimu waliondolewa katika mgao. Mwaka 2025 upungufu ulizidi, na watu wapatao milioni moja katika nchi nzima wakaachwa nje ya orodha ya chakula. Kwa hiyo mtu wa Nakivale anaposhika sindano hafanyi mchezo wa kupoteza wakati. Anatafuta chumvi, sabuni na daftari la mtoto.

SI KAZI YA WANAWAKE PEKE YAO

Wako watakaosema, "Haya ni mambo ya akina mama, waandikieni wao." Twaomba radhi kwa akina mama, ambao wanayajua haya kuliko sisi, lakini hoja hiyo haina msingi. Katika Unguja na miji mingine ya pwani, kofia nzuri za mkono zitobolewazo vitundu na kutariziwa kwa hariri zimeshonwa na wanaume na wanawake, na mtu aliyeshona kofia yake mwenyewe hakuchekwa na yeyote. Katika miji yetu, Mbarara ikiwa mmoja wao, wengi wa mafundi walioketi barazani na cherehani zao tangu zamani ni wanaume.

Na majeshini je? Katika vita vikuu vyote viwili vya dunia, askari wa Uingereza alipewa katika mzigo wake kifuko cha kitambaa chenye sindano, uzi, vifungo na nyuzi za kutengenezea soksi. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni mwanamume. Mwaka 1918, vita vya kwanza vilipokuwa vinakwisha, kilianzishwa huko London chama cha kuwafundisha kutarizi askari waliolemazwa vitani, ili wapate kazi waliyoweza kuifanya wakiwa wameketi au wamelala kitandani. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwigizaji wa michezo ya kuigiza, Ernest Thesiger, ambaye mwenyewe alikuwa askari na mikono yake iliumizwa vitani. Kitambaa cha madhabahu kilichoshonwa na askari wa namna hiyo kilipelekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Basi tusione haya.

FELTI NI KITU GANI

Ipo aina ya kitambaa inayomfaa sana anayeanza, nayo huitwa felti. Vitambaa vingi hufumwa: uzi mmoja hupita juu ya mwingine, na ukikikata kitambaa hicho ncha zake huchanguka. Felti haikufumwa hivyo. Ni sufu iliyobanwa hata ikashikana, na ukiikata ncha hubaki kama zilivyo. Kwa hiyo asiyejua kukunga pindo anaweza kuanza kazi mara moja.

Sababu yake ni kwamba unywele wa sufu una magamba madogo sana, mfano wa magamba ya samaki, yasiyoonekana kwa macho. Sufu ikipata maji ya moto, sabuni na msuguano, magamba hayo hufunguka na kuingiana, wala hayaachani tena. Wafugaji wa Asia ya Kati wameijua siri hii tangu kale. Huko Pazyryk, katika milima ya Siberia, yamechimbuliwa makaburi yenye mapambo ya felti ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hata leo hema za Wamongolia huvikwa felti.

Lakini msomaji wetu hana haja ya kwenda Mongolia. Na aitazame bereti yake. Bereti ya sufu hufumwa kwanza ikiwa kubwa kuliko kichwa, kisha huoshwa na kupondwapondwa katika maji ya moto na sabuni hata ikajikaza. Vikosi vya milimani vya Ufaransa viliivaa tangu kabla ya karne ya 20, na kikosi cha vifaru cha Uingereza kikaipokea mwaka 1924, kwa sababu haimsumbui mtu anayeingia na kutoka katika mlango mwembamba wa kifaru. Kwa hiyo askari anayedhani kwamba hajapata kugusa felti amekuwa akiivaa kichwani.

Kondoo wa Ankole hawana sufu. Wana nywele fupi zisizofaa kazi hii. Kondoo wa sufu hufugwa katika nchi za baridi, kama nyanda za juu za Kenya. Sisi tutaipata sufu mahali pengine, yaani katika mitumba. Masweta na makoti ya nchi za baridi huletwa katika masoko ya Mbarara, na yale yaliyotoboka huuzwa kwa bei ndogo sana, kwa kuwa hakuna anayeyataka.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mara ya kwanza tulipojaribu, tulinunua sweta zuri la rangi ya damu ya mzee, tukalichemsha na kulisugua kwa saa nzima. Lilitoka lilivyoingia, safi kabisa, wala halikunywea hata ncha ya kidole. Halikuwa sufu, lilikuwa la nyuzi za kiwandani zenye asili ya plastiki. Tangu siku hiyo tumejifunza kupima kwanza. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uuwashe moto. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka kwa vidole, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, hiyo siyo.

Ukiisha pata sufu, fanya hivi. Ondoa vifungo na zipu, ukate mikono ya sweta na kufungua mishono ya ubavuni. Tia maji ya moto katika beseni pamoja na sabuni iliyokwanguliwa. Tumbukiza sweta, ulikoroge na kuliponda kwa mti kwa muda wa dakika 20 au 30, kisha litie ghafula katika maji baridi. Rudia mara mbili au tatu. Litapungua hata theluthi moja au zaidi, nalo litakuwa nene. Ukiona vitanzi vya ufumaji havionekani tena, kazi imekwisha. Suuza, likamue bila kulisokota, ulitandaze kivulini likauke. Blanketi kuukuu la sufu laweza kutumika vilevile, maadamu ni mali yako. Blanketi la serikali halikatwi, hata likiwa na matundu kumi.

VIFAA NA MISHONO MITATU

Nunua sindano za namna mbili, nyembamba na nene, uzi mweusi, mweupe na wa kaki, mkasi mkali ambao hautatumika kukatia karatasi wala nyaya, pini chache, na kastabini ya kukinga kidole. Futi ya fundi itafaa, na kama huna, tumia rula ya mtoto.

Uzi usizidi urefu wa mkono wako, kutoka vidoleni hadi begani. Anayeanza hupenda kukata uzi mrefu ili asitunge mara kwa mara. Uzi huo hujifunga mafundo, naye hupoteza wakati mwingi kuliko aliotaka kuuokoa.

Mshono wa kwanza ni bandi: sindano huingia na kutoka kwa hatua ndefu, ili kushikiza vitambaa viwili kwa muda. Bandi hutolewa kazi ikiisha. Wa pili ni mshono wa kurudi nyuma: kila baada ya kwenda hatua mbili mbele kwa upande wa chini, sindano hurudi hatua moja kwa upande wa juu. Mshono huu hukaribia nguvu za cherehani, na ndio wa kushonea kitu kitakachobeba mzigo. Wa tatu ni ule unaoonekana ukingoni mwa blanketi. Chomeka sindano nusu sentimita kutoka ukingoni, pitisha uzi chini ya ncha ya sindano, kisha vuta. Kila mshono utaacha kijiti kimoja kilichosimama na kamba inayofuata ukingo. Ujizoeze mishono hii juu ya kitambaa kibovu kwa jioni mbili kabla ya kuanza kazi yenyewe.

KAZI YA KWANZA: KIFUKO CHA SINDANO

Kata kipande cha felti chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Hicho ndicho jalada. Kata vipande viwili vingine vya sentimita 18 kwa 8. Hivyo ni kurasa. Weka kurasa juu ya jalada, zikae katikati sawasawa, uzishikize kwa bandi, kisha ushone mstari mmoja wa kurudi nyuma katikati, kutoka juu hadi chini. Kunja, na tayari una kitabu kidogo. Zungusha mshono wa blanketi ukingoni mwa jalada kwa uzi wa rangi nyingine. Upande mmoja shona kifungo, na upande wa pili kitanzi cha uzi uliokunjwa mara nne.

Katika kurasa hizo chomeka sindano tatu na pini mbili. Sufu ina mafuta kidogo ya asili, na watu wengi huipenda kwa kuhifadhia sindano. Weka pia vifungo vinne vya akiba na uzi uliozungushwa katika kipande cha kadibodi. Kifuko hiki huingia mfukoni, nacho chatosha kumwokoa mwenyewe na wenzake watano asubuhi ya gwaride.

Na kwa kuwa tumetaja kifungo, tueleze namna ya kukishona kisitoke. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, na ushone juu ya njiti hiyo mara sita. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, uzungushe uzi chini yake mara tano ili upatikane mguu mfupi, kisha funga kwa nyuma. Kifungo chenye mguu hakikatiki upesi, kwa kuwa kinapata nafasi ya kuukalia unene wa kitambaa.

KAZI YA PILI: NG'OMBE WA ANKOLE

Kazi hii ni ya kumpa mtoto, au ya kuuza. Chora juu ya karatasi ngumu umbo la ng'ombe aliyesimama ubavu, mwenye urefu wa sentimita 12. Miguu iwe minene, kwani miembamba haiwezi kujazwa. Kata vipande viwili vya felti kwa kufuata umbo hilo. Pembe, ambazo ndizo fahari ya ng'ombe wa Ankole, zikatwe peke yake katika felti nyeupe, kipande kimoja kirefu kilichopinda mfano wa mwezi mwandamo, nacho kiingizwe kati ya vipande viwili vya kichwa kabla ya kushona.

Zungusha mshono wa blanketi ukianzia tumboni. Jaza miguu kwanza, kwa kusukuma makombo madogo au sufi kwa mti wa penseli, kisha kichwa, na mwisho mwili. Ukiisha, ziba tumbo. Macho yawe ya uzi uliotariziwa. Usitie kifungo wala ushanga katika mwanasesere wa mtoto mdogo, maana mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani, na kifungo kimoja chaweza kumziba koo.

Wageni wanaokwenda Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo hupita katika barabara itokayo Masaka kwenda Mbarara, na wengi husimama katika Kituo cha Utamaduni cha Igongo, huko Biharwe. Ng'ombe mdogo wa felti huingia katika mzigo wa msafiri pasipo kuvunjika. Lakini wa kwanza utakayemshona hatauzika. Atafanana na mbuzi. Mpe mtoto wako, ambaye hatauliza, ukaanze wa pili.

KAZI YA TATU: MKOBA WA MAKOMBO YA VITENGE

Hapa twarudi kwa yule mama wa Nakivale, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuonyesha. Kitenge huchanguka kikikatwa, kwa hiyo kazi hii ifuate zile mbili zilizotangulia. Chagua makombo na kuyakata yawe vipande mraba vya sentimita 11. Yapange chini, manne kwa upana na manne kwa urefu, uyatazame kwa mbali kabla ya kushona. Rangi kali mbili zisikae pamoja. Unganisha safu moja moja kwa mshono wa kurudi nyuma, ukiacha sentimita moja ya pindo, kisha unganisha safu kwa safu. Utapata kitambaa cha sentimita 38 kila upande. Fanya viwili.

Kata bitana ya kitambaa kigumu ya kipimo hicho hicho. Gunia la unga lililofuliwa vizuri lafaa. Weka kila kitambaa juu ya bitana yake, piga bandi, kisha shona pande tatu ukiwa umegeuza ndani nje. Rudia mshono wa chini mara mbili, maana ndipo mzigo unapokaa. Kunja mdomo wa mkoba mara mbili na kuukunga. Mikanda miwili, kila mmoja wa sentimita 60 kwa 8, ikunjwe mara nne kwa urefu, ishonwe, na kufungwa mdomoni kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake. Askari ataujua mshono huo. Ndio unaoshika mikanda ya begi lake.

Mkoba huu hubeba viazi kilo tano bila kulalamika, na kila mmoja unaoingia sokoni hupunguza kavera moja katika mitaro yetu.

SARE ISIGUSWE

Twapenda kuwaonya wasomaji wetu juu ya jambo moja. Sare kuukuu, hata ikichakaa namna gani, si kitambaa cha kazi hizi. Irudishwe ghalani kama taratibu zisemavyo. Sheria ya Jeshi la UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na mavazi na vifaa vya jeshi pasipo ruhusa, na mwaka 2019 mavazi hayo yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali, pamoja na bereti nyekundu. Askari anayempa fundi suruali ya mabaka ili imtolee makombo ya mikoba, anamtia mwenzake hatiani kwa wema wake. Mtoto naye asishonewe kofia ya mabaka ati kwa mapenzi ya baba. Kutia kiraka sare unayoivaa ni wajibu. Kuigeuza kuwa biashara ni kosa.

KUHUSU KUUZA NA KUKOPA

Katika nyumba za askari, Makenke na kwingineko, wako akina mama wengi wenye mikono na wakati, ambao hupungukiwa kila uhamisho unapokuja kwa kuwa duka au shamba haliwezi kupakiwa katika lori. Ujuzi wa sindano hupakiwa. Ukihamishwa kutoka Mbarara kwenda Gulu, unakwenda nao.

Hata hivyo tusidanganyane. Mkoba mmoja wa mkono huchukua siku mbili za anayeanza, na mnunuzi hajali siku hizo, huangalia mshono. Kabla ya kutaja bei, hesabu uzi, bitana, nauli, na saa zako. Ikiwa bei ya sokoni hailipi saa hizo, punguza ukubwa wa kazi: kifuko cha sindano huisha kwa jioni moja, na makombo yake ni ya bure.

Wengine, wakisikia habari za ushonaji, hukimbilia mkopo wa cherehani. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Vyote vimewasaidia wengi. Lakini mkopo ni mkopo, na cherehani haishoni peke yake. Shona kwanza vitu ishirini kwa mkono. Vikinunuliwa, utakuwa umejua unachokitaka, na cherehani itakuwa na kazi siku itakapofika. Visiponunuliwa, umepoteza makombo tu.

NENO KWA WALIO BARABARANI

Mama yule wa Nakivale, akimaliza mikoba yake, hana budi kuipeleka Mbarara, kwa sababu jirani zake hawana fedha za kuinunua. Njiani atakutana na askari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, na haki ya kutembea katika nchi kwa kufuata masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye furushi la mikoba na karatasi zake mkononi si mtuhumiwa. Karatasi zitazamwe, furushi lifunguliwe ikibidi, na aachwe aende kabla soko halijafungwa. Saa mbili anazokalishwa kando ya barabara ni mikoba mitatu isiyouzwa, na mikoba mitatu isiyouzwa ni chakula cha juma zima.

Wala tusifikiri kuwa anayenufaika ni yeye peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza maisha ya wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali na Kampala walieleza mwaka 2014 kwamba katika Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa wameajiri watu wengine, na katika kila watu 10 walioajiriwa hivyo, 4 walikuwa raia wa Uganda. Uzi wa mkoba ule umenunuliwa kwa muuzaji wa Mbarara, na nauli imelipwa kwa dereva wa Isingiro.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari aliyejifunza kuziba tundu la soksi yake amejifunza kutongoja mtu, na hilo ndilo yule mama alilolijua kabla yetu. Sindano haiulizi cheo, wala nchi uliyotoka, wala kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Hudai macho, subira, na uzi usiozidi urefu wa mkono. Jioni hii, ukiisha toka zamu, tafuta sweta lililotoboka na uanze na kile kifuko. Na gwaride lijalo, yule anayekimbia huku na huku akiulizia sindano, mwite.